Jina Ndani ya Wimbo wa Tatu

Banalia, tarehe 14 Februari 2000

Kwako Katungu, binti ya Papa Télesphore,

Usishtuke. Ni mimi, Isaïe wa benchi ya nyuma, niliyekuwa nanakili hesabu zako na wewe ukijifanya hauoni. Niko Banalia kwa tonton yangu, kaka ya mama, pembeni ya mto Aruwimi. Huku samaki ni wadogo kama vidole, na watu wananitania: "We Mgenya, maporomoko yenu yamekauka?" Ninacheka nao, kwa mdomo tu.

Nimekimbia, Katungu. Alhamisi iliyopita askari watano walishuka kwenye maporomoko tukiwa tunapandisha mitego. Wale wa jeshi lililoshika mji, si wale wa jeshi lingine, la upande wa daraja. Mimi nilikuwa juu kabisa ya nguzo tunazofungia mitego, kamba mkononi. Wakauliza: "Isaïe wa Wagenya, mwenye mto, iko wapi?" Kaka yangu mkubwa, yaya Zacharie, akajibu: "Huyo mutu hatumujui." Walimpiga kitako cha bunduki mdomoni. Niliona kaka yangu anatema meno mawili kwenye jiwe, halafu anarudia, midomo imepasuka: "Hatumujui."

Hapo mmoja akashusha redio begani na kubonyeza kaseti. Ile ya filamu ya Tonton Valère, *Bibi-Arusi wa Lubunga*. Wimbo wa tatu. Gitaa likaingia, na Tonton Valère akatupa libanga kwa sauti yake ile ya juu: "Isaïe wa Wagenya, mwenye mto, eeh!"

Jina langu! Karibu niachie kamba.

Unajua mwenyewe libanga ni nini. Mwimbaji hatupi jina bure katikati ya wimbo. Anatupa la muuza almasi, la colonel, la mwenye magari. Mkubwa wao akasema: "Mutu anaimbwa kwa redio zote za mji, na sisi hatumujui? Bon. Donc anatumika na wale wa daraja. Ni yeye anavusha silaha zao kwa mitumbwi." Mimi! Hata baiskeli sina!

Nilijiachia majini upande wa nyuma na mto ukanibeba. Zacharie walimpiga mpaka wakachoka, wakamwacha. Hawajui kama ni kaka yangu.

Sasa nisikilize. Kaseti ile ilirekodiwa kwenye depo ya papa yako na inauzwa kwenu. Tafuta nani alitupa jina langu. Anataka nife, na mimi simjui. Barua mpe Mama Odile wa samaki, anapita huku na baiskeli zake kila juma la pili.

Isaïe

*

Kisangani, 22 Februari 2000

Isaïe,

Nilianza kukuandikia kwa Kifaransa, nikachana. Kwa Kifaransa ninajua kusema mambo mazuri ambayo mimi simo ndani yake. Kwa hiyo naandika Kiswahili tulichofundishwa na masista wa Butembo, kabla Papa hajahamishia biashara huku. Nikikosea usicheke.

Namshukuru Mungu uko hai. Darasani Mwalimu alipoita jina lako hakuna aliyejibu, akaweka msalaba mdogo wa kalamu nyekundu. Msalaba ule sikuupenda.

Kaseti inauzwa kupita chumvi. Ndege ya Butembo inaleta katoni za kaseti tupu asubuhi, na jioni Papa hana hata moja. Unakumbuka filamu yenyewe ilionyeshwa mara tatu tu kwenye ukumbi wa parokia, kisha askari wakachukua jenereta. Sasa hakuna anayeweza kuiona, basi watu wananunua nyimbo ili wajue hadithi. Walioiona wanakaa na redio na kuwasimulia wengine: "Hapa bibi-arusi anakataa kuvuka mto. Hapa anamwita." Mangobo wanaipiga, Kabondo wanaipiga, waendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wanafunga redio kwenye usukani waipige. Askari wa pande zote mbili wanainunua. Jana mmoja wa mjini na mmoja wa daraja walikutana dukani kwetu, kila mmoja na bunduki yake. Walichukua kaseti moja moja na kutoka bila kutazamana.

Uliuliza nani. Tonton Valère hayupo. Alipanda ndege kwenda Butembo tangu Januari kuuza kaseti kule, na wanasema na huko watu wanazipigania. Hajarudi.

Nitauliza wengine. Nipe muda.

Katungu

*

Banalia, 3 Machi 2000

Katungu, Bubu yangu,

Samahani, tulikuita Bubu shuleni sababu hausemi. Lakini barua yako inasema! Nimeisoma mara nne, tonton anauliza kama ni barua ya dawa.

Nimefikiri sana huku. Nimepata mutu. Ni Édouard, mpiga gitaa wa Tonton Valère. Ni mtoto wa maporomoko kama sisi, nyumba yao iko nyuma ya yetu. Mwaka jana tuligombana juu ya nguzo za marehemu babu yake, Zacharie akasema nguzo ni zetu, wazee wakatupa sisi. Édouard akaniambia mbele ya watu: "Utaona. Siku moja mji wote utajua jina lako." Mbele ya watu, Katungu! Nilifikiri ni hasira tu.

Sasa niambie kitu kimoja. Siku ya kurekodi, Édouard alikuwepo? Sitaki maneno mengi. Ndiyo au hapana.

Isaïe

*

Kisangani, 12 Machi 2000

Isaïe,

Wamekuja kwetu pia.

Ilikuwa saa nne asubuhi, duka limejaa. Walifukuza wateja na kumlaza Papa kifudifudi juu ya magunia ya maharagwe. Wakampiga kwa waya wa umeme uliokunjwa mara mbili. Kila pigo walimuuliza: "Nani alilipa libanga ya Isaïe?" Papa alisema hajui. Ni kweli hajui. Siku ya kurekodi alikuwa uwanja wa ndege akisubiri mzigo. Shati lake lilipasuka, kisha ngozi, kisha gunia likapasuka pia, na maharagwe yakamwagika yakiwa na damu. Mama alikuwa amepiga magoti, anaomba kwa Kinande, lugha ya kwetu Butembo, wao wanamwuliza anasema nini. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, mkono mdomoni. Nilijing'ata mpaka leo alama ipo.

Walipochoka walichukua katoni moja ya kaseti. Walienda wakiimba wimbo wa tatu, wote wanaujua kwa moyo.

Papa hawezi kulala chali. Anasema tuendelee kuuza. Anasema duka likifungwa watadhani tuna kitu cha kuficha.

Uliuliza kama Édouard alikuwepo siku ile.

Ndiyo. Alikuwepo.

Katungu

*

Banalia, 29 Machi 2000

Katungu,

Pole kwa Papa Télesphore. Mwambie mimi ni mtoto wake kuanzia leo.

Neno lako moja linanitosha. Nimemwandikia yaya Zacharie leo hii, Mama Odile anabeba barua zote mbili. Nimeandika tu: "Ni Édouard. Katungu amethibitisha." Zacharie atajua la kufanya.

Kila mutu huku anaogopa kila mutu, lakini wewe hauwezi kudanganya. Hausemi vya kutosha kuwa muongo.

Isaïe

*

Kisangani, 9 Aprili 2000

Isaïe,

Umeandika kwamba nimethibitisha. Mimi nilisema alikuwepo.

Jumanne Zacharie na vijana wanne walimkamata Édouard akitoka misa ya asubuhi. Walimshika mkono wa kushoto, ule anaobana nyuzi, wakauweka juu ya jiwe la kunolea na kuchukua jiwe la pili. Vidole vinne. Walianza na kidogo. Mama mmoja aliyekuwa anafua pale alinisimulia dukani, huku anachagua sabuni. Alisema Édouard hakupiga kelele mpaka kidole cha tatu.

Walimleta kwenye farmasia, mlango wa pili toka kwetu, mkono umefungwa kwa shati lake. Nilikuwa nje ninapanga ndoo. Aliniona. Akaniambia, pole pole kabisa, kama mtu anayeuliza njia: "Katungu, we ulikuwa mule ndani na sisi. Waambie. Mimi nilikuwa napiga gitaa tu, kichwa chini. Sikutupa jina la mutu."

Watu walikuwa wananitazama. Farmasia nzima. Nilifungua mdomo.

Niliingia ndani na ndoo zangu.

Kuna jambo nataka kukuambia. Lakini karatasi inakwisha na Mama Odile anasubiri.

Katungu

*

Banalia, 17 Aprili 2000

Bubu yangu,

Nimecheka mpaka tonton amekuja kuangalia. Sasa apige gitaa kwa meno! Zacharie ana meno mawili pungufu, anaweza kumwazima nafasi.

Usiwe na huruma naye. Ati "sikutupa jina". Ulitaka aseme nini?

Huku Banalia pia kaseti imefika. Mama mmoja wa buvette anaipiga toka asubuhi. Mimi nakaa pale nakunywa maji tu, nasikia jina langu, hakuna anayejua ni mimi. Jana mlevi alisema: "Huyo Isaïe ana wake sita." Nikamwambia: "Saba."

Nataka kukuambia kitu, na nikiwa mbele yako sitaweza. Zile hesabu, nilikuwa nazijua kidogo. Nilinakili ili nisogee karibu. Nikirudi nitakuja dukani kwenu kuuliza bei ya kila kitu, mpaka ya kiberiti, ili tu nisikie unajibu.

Na lile jambo lako? Karatasi nyingine hauna?

Isaïe

*

Kisangani, 2 Mei 2000

Isaïe,

Kaa chini. Mwambie tonton akae na wewe.

Zacharie amekufa.

Édouard alikaa nyumbani siku kumi, mkono unavimba, unanuka. Siku ya kumi na moja alienda kwa askari wa mjini akawaambia: yule mnayemtafuta ana kaka, ni yule mliyemvunja meno, na kaka anajua alipo. Wakamchukua Zacharie Jumatano. Siku tatu. Waliokuwa wanapita nyuma ya ile nyumba wanamofungia watu walimsikia. Hakusema Banalia. Angesema, wewe usingekuwa unasoma barua hii.

Jumamosi walimrudisha maporomoko akiwa hai. Waliwaita watu wote washuke kuangalia, na mama yako alikuwa mbele. Walimwingiza Zacharie ndani ya kikapu kikubwa cha mtego, wakafunga mdomo wa kikapu kwa waya, wakawalazimisha wavuvi wenyewe kukishusha kwenye maji makali. Aliyekataa alipigwa risasi ya mguu. Wavuvi walikishusha. Walipokipandisha saa moja baadaye, mama yako hakukubali mtu mwingine afungue waya.

Sasa lile jambo langu. Nitaliandika bila kupumzika, kwa sababu nikipumzika nitalificha tena.

Siku ya kurekodi tulikuwa depo, katikati ya magunia, kwa sababu magunia yanazuia kelele za barabara. Mashine ilikuwa inakula betri ya gari. Kuna mfanyabiashara alitaka jina lake liwe kwenye wimbo wa tatu, nafasi ikaachwa, na yeye hakuja. Betri ilikuwa inakufa. Tonton Valère akasema: "Nani ana jina? Haraka, jina lolote, nafasi haiwezi kubaki mutupu!" Wanamuziki walikuwa wameinama kwenye vyombo vyao. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Nilichana kipande cha katoni ya sabuni na kuandika. Kusema sikuweza. Nikampa. Akasoma, akanikonyeza jicho, akatupa jina lako.

Ni mimi, Isaïe. Maneno "mwenye mto" ni yangu pia. Nilikuwa nimeyafikiria muda mrefu, darasani, ukiwa unanakili.

Nilitaka kitu kimoja tu: jina lako litoke mahali kwa sauti, na nisiwe mimi niliyelitoa. Nilidhani kaseti watanunua watu ishirini. Kila katoni iliyotoka dukani niliifurahia. Ndiyo, niliifurahia, hata baada ya barua yako ya kwanza nilikuwa bado nafurahi kidogo, na hilo ndilo baya kuliko yote niliyoandika hapa.

Ulipouliza nani, niliogopa. Ulipomtaja Édouard, ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango. Nilipita.

Nimemwambia Papa jana. Mgongo wake haujapona. Akaniuliza tu kama nimekula. Nilitamani anipige.

Katungu

*

Banalia, 20 Mei 2000

Katungu,

Nimepata. Mama Odile alinikabidhi mkononi, halafu njia ikafungwa sababu ya mabomu yenu ya tarehe tano, hakurudi mpaka leo.

Siku tisa sikushika kalamu. Niliingia majini nikakaa mpaka tonton akaja kunitoa.

Sikiliza vizuri. Mimi niliandika jina la Édouard kwa mkono wangu na nikacheka. Vidole vile ni vyangu, nitavijibu mwenyewe siku moja, kwake. Sikupi wewe.

Lakini Zacharie hakujua. Alikufa akifikiri kuna adui aliyetupa jina langu. Na mama anafikiri nini? Anakaa mule ndani peke yake na haijui kweli.

Kwangu umeandika. Kuandika kwako ni rahisi, barua ni mahali pako pa kujificha, kama kile kipande cha katoni. Sitaki barua nyingine mpaka uende maporomoko, usimame mbele ya mama yangu, na useme kwa mdomo. Na sauti. Hata kama atakuua.

Lile nililokuandikia mwezi wa nne kuhusu hesabu, lichane.

Isaïe

*

Kisangani, 26 Juni 2000

Isaïe,

Nimeenda. Ndiyo maana nina ruhusa ya kuandika.

Barua yako ilinifikia tarehe tatu ya mwezi huu. Tarehe tano wakaanza. Siku sita, Isaïe. Wa mjini na wa daraja walikuwa wanapigana juu ya vichwa vyetu, mabomu yanavuka mto kwenda na kurudi. Tulilala chini ya magunia. Siku ya tatu bomu liliingia kwa jirani wa farmasia. Lilipoisha vumbi niliona mguu wa mtoto juu ya paa letu, una kiatu cha shule kimefungwa kamba vizuri. Papa alipanda ngazi na mgongo wake ule, akautoa, akauzungushia kitenge. Tulizika watu kwenye viwanja vya nyumba zao kwa sababu hakuna aliyeweza kufika makaburini. Mbwa wamenenepa. Kanisa kuu limetobolewa. Siku ya saba, kimya kilipofika, tulikiogopa kuliko kelele.

Sasa wote wanaondoka. Wale waliokutafuta wamepakia malori. Nyumba ile ya siku tatu za Zacharie iko wazi, wamechukua hata milango.

Kabla ya vita nilikuwa nimejaribu jambo moja. Nilirekodi wimbo wa tatu upya, nikakata jina. Nilitengeneza kaseti hamsini. Wateja walizirudisha. "Hii ni ya uongo," walisema. "Isaïe iko wapi?"

Jumatano nilishuka maporomoko. Nyumba yenu imepoteza paa upande wa jikoni. Mama yako, Mama Honorine, alikuwa anakausha samaki, kichwa amenyoa, na shangazi zako wawili wanamsaidia. Nilisimama. Sauti haikuja. Shangazi mkubwa akasema: "Tazama, Munande amekuja kutuuzia kitu. Sema bei, mutoto!" Mwingine akasema: "Hata bei hawezi kusema, duka lao litafilisika." Wakacheka. Mama yako hakucheka. Aliwaambia waende kuteka maji. Walipoondoka alisema: "Wewe ni wa kaseti."

Nilisema yote, Isaïe. Kwa mdomo. Betri, nafasi, kipande cha katoni, neno "ndiyo" kuhusu Édouard. Sauti ilikuwa mbaya, inakatika kama redio, lakini niliisukuma mpaka mwisho. Nilisema pia kwa nini niliandika jina lako.

Alichukua kuni iliyokuwa inawaka upande mmoja na kunipiga nayo begani. Mara mbili. Nguo ilishika moto. Aliizima mwenyewe kwa kiganja chake, halafu akaketi.

Akasema: "Donc mutoto wangu si mukubwa."

Nikasema: "Hapana, mama. Ni mwanafunzi."

"Hakuvusha silaha."

"Hapana."

Alikaa akitazama maji. Halafu akasema maneno haya, nakuandikia yote kama yalivyo, sina haki ya kuyapunguza:

"Siku ya matanga nilisimama mbele ya watu wa mto wote. Nilisema Zacharie alifunga mudomo sababu alikuwa anamuficha mukubwa. Wavuvi walioshusha kile kikapu walilia. Kila asubuhi wananiletea samaki. Wanaitika jina la Zacharie wakipanda nguzo. Sasa wewe unakuya kuniambia alikufa sababu ya musichana mwenye haya? Niwaambie hivyo? Zacharie wangu, ndani ya mutego, kwa kipande cha katoni?"

Aligeuza samaki mmoja, kisha wa pili.

"Umesema. Nimesikia. Usiseme tena kwa mutu. Rudi kwenu, ile kaseti uiuze. Ile yenye jina. Uiuze sana."

Nilipogeuka aliita: "Na usipite huku unalia. Watauliza unamulilia nani."

Isaïe, wewe ulinitaka niseme, mama yako anataka ninyamaze. Nimelala na hayo siku tano, na bega linauma. Ukirudi, na njia sasa iko wazi mpaka darajani, watakupokea kama mkubwa. Watakuuliza habari za silaha. Siku jeshi jingine likija, nalo litakuuliza. Mama yako anahitaji uongo ule ili aweze kula. Wewe unahitaji ukweli ili uweze kutembea. Sijui yupi kati yenu nina haki ya kumdhuru tena. Nilichagua ukweli wako. Utamwambia mama yako nimemvunjia neno. Nitakuja kupigwa.

Leo asubuhi dukani palikuwa na foleni, hata na paa lililotoboka. Mtu wa toleka aliomba kaseti ya *Bibi-Arusi*. Nilimpa yenye jina, hakuna anayetaka nyingine. Halafu nikasema, mbele ya foleni yote, kwa sauti ambayo Papa aliisikia toka depo akatoka kuangalia: "Huyo Isaïe si mkubwa. Hajawahi kuvusha silaha. Ni mvulana wa darasa langu, na mimi ndiye niliyeandika jina lake, kwa sababu nilimpenda."

Kisha mtu wa toleka akacheka, bila ubaya, akaweka kaseti mfukoni.

"We mutoto," alisema, "nenda mwisho wa mustari. Wasichana wote wa mji huu wanasema hivyo."

Katungu